Picha za Kihindi za mapenzi za zamani: ni kali kweli au tunakumbuka utoto tu?

Wakuu, hebu tulimalize hili leo. Mie nasema hazina mpinzani na wanaodai tunazipenda kwa sababu ya vibanda umiza, yale mabanda ya video ya utotoni, wanatuonea. Chukueni Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, masaa matatu na ushee, pale Mumbai ukumbi wa sinema wa Maratha Mandir umeionyesha zaidi ya miaka 20 na watu wanalipa kiingilio, wengine picha inatoka walikuwa hawajazaliwa, sasa hao nao wanakumbuka utoto gani? Steringi anapewa dhahabu na mama wa binti kabisa, anaambiwa chukua mtoroke, anagoma, anataka mzee aridhie mwenyewe. Hapo hata Kihindi hujui unaelewa, nani hamuogopi baba mkwe?

— Mkuu, rudia ile treni ya Ulaya mwanzoni. Jamaa kamganda dada wa watu, anaokota sidiria yake iliyodondoka anamtania nayo, dada kakasirika wazi. Mwanangu akifanyiwa hivyo kwenye mwendokasi naenda polisi, siimbi. Na huyo binti aliulizwa lini? Wanaume wawili wanapimana, mmoja ana kauli mwingine anaiomba. Mwisho treni inaondoka, jamaa mlangoni damu usoni, binti anajivuta mzee kamshika mkono, halafu anamwachia na ukumbi mzima mnapiga makofi. Mnampigia nani? Si mzee!

— Dada hapo juu una hoja ila usiilaumu miaka. Tazama Mughal-e-Azam ya 1960, karibu yote nyeusi na nyeupe, ikifika ngoma ya ukumbi wa vioo ghafla rangi, Madhubala, anayeigiza mcheza ngoma aliyependana na mtoto wa mfalme, anamwimbia mfalme mwenyewe Akbar usoni kwamba kapenda na haogopi, na kila kakioo darini kanamwonyesha yeye, mfalme macho yamemtoka. Yule hakusubiri ruhusa ya mtu. Ya 1960 ina mwanamke jasiri kuliko ya 1995, mbona!

— Ya vioo sibishi, ile ni balaa. Ila za sasa bana tatizo simu, wamegombana saa nne, saa tano washatumiana meseji, utalia saa ngapi? Mwenye picha mpya ambayo wapenzi wanazuiwa na kitu cha maana aitaje hapa, wikiendi sina kazi.