Naomba ushauri: mdogo wangu (22) ana ulemavu wa akili, amepata pa kufanya kazi lakini mama hataki atoke

Dada_wa_RangiTatu
Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ana miaka 22. Ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Alisoma kitengo maalum cha shule ya msingi huku huku Temeke, alipofika miaka 17 wakasema basi, kamaliza. Kamaliza nini sijui, maana cheti hakuna wala pa kwenda hakuna. Huu mwaka wa tano yuko nyumbani. Anaamka, anapewa chai, anakaa barazani anaangalia bodaboda mpaka magharibi.

Anaongea, ila taratibu. Anahesabu hadi kumi na mbili, akipita hapo anachanganya. Nguvu anazo, ndoo ya lita 20 anaibeba kama kikombe.

Sasa jirani yetu ana banda la kuku wa mayai Chamazi. Kamwona anavyotuchotea maji, akasema mleteni awe anaokota mayai na kuosha vyombo vya maji. Mshahara hakutaja, kasema tu "tutamwangalia, chakula na nauli vipo". Mama kagoma. Mama mpaka leo anamfunga viatu na kumkatia nyama. Nikamwambia, mama una miaka 61 na presha juu, ukiondoka huyu nani atamfunga viatu? Akalia. Tangu Jumapili hatuongei vizuri.

Nimpeleke? Na nikimpeleka naanzia wapi? Naomba wenye uzoefu, matusi hapana.

Kisu_Butu
Mpeleke. Ila huyo jirani kajitafutia kibarua wa bure, amka dada.

JiweLaChumvi
Taahira humfundishi kazi. Mtaishia kulipa kuku wa watu.

Mama_Karanga
JiweLaChumvi hilo neno lirudishe ulikolitoa. Binti yangu ana hali hiyo hiyo, ana miaka 25, anafunga karanga kwenye vifuko na wateja wakija wanamuulizia yeye, mimi hawanijui.

Dada, mama yako humshindi kwa maneno, na hilo la "ukiondoka" ungelimeza. Mimi nilikuwa mama huyo huyo. Nilikwenda msibani Tanga siku nne, nikarudi nikakuta mwanangu anafua nguo zake na binti wa jirani. Unajua nilifanya nini? Nilichukia. Nilimpokonya beseni. Ilinichukua wiki nzima kujiuliza nimemkasirikia nini. Ukimlea mtoto wa hivi miaka ishirini, anakuwa ndiyo kazi yako. Akiweza mwenyewe, wewe unabaki nani? Kaa na mama kwenye hilo kwanza, kuku hawakimbii.

Mwl_Kitengo
Nimefundisha kitengo miaka 14, niseme nilichokiona.

Kazi yenyewe ni nzuri kwake kuliko mnavyodhani. Mmesema anahesabu hadi 12. Trei ya mayai ina mashimo 30, hahitaji kuhesabu: kila shimo yai moja, mashimo yakiisha trei imejaa. Kazi inajihesabu yenyewe. Kazi za namna hiyo ndizo za kutafuta, siyo zile za "atajifunza tu".

Anza na viatu, tena kwa kumshirikisha mama. Mama afunge kama kawaida, ila hatua ya mwisho kabisa, kuvuta kitanzi kikaze, amwachie kijana. Akizoea, mwachieni hatua mbili za mwisho. Mnarudi nyuma hivyo hivyo mpaka aanze mwenyewe. Faida yake ni kwamba kila siku anamaliza yeye, hakwami katikati akakata tamaa. Na mama haoni kama kanyang'anywa mtoto.

Daladala ya Rangi Tatu kwenda Chamazi: kwanza mkae siti moja, yeye ndiye atoe nauli. Baadaye wewe siti ya nyuma. Baadaye unamsubiri kituoni. Usimfundishe kwa jina la kituo, makonda wanayatamka wanavyojua. Mfundishe kwa alama anayoiona dirishani kabla ya kushuka, msikiti, ukuta wenye rangi fulani, chochote kisichohama. Mfukoni awe na kikaratasi chenye jina lake na namba mbili za simu.

Pesa nazo mfundishe kwa picha. Elfu moja ni Nyerere, elfu mbili simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo. Wanafunzi wangu walioshindwa kabisa tarakimu walikuwa wanajua kifaru hatoki mfukoni kwa ajili ya soda.

Bandani awe na bosi mmoja wa kumwelekeza, siyo kila mtu anamtuma. Dawa za kuku zifungiwe.

Kisu_Butu
Mwalimu umenifundisha hata mimi. Ila la mshahara halijajibiwa.

Wakili_Mtaani
Najibu hilo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Jirani yako wa banda la kuku hafikii idadi hiyo, haimgusi. Lakini ulemavu siyo leseni ya kumfanyisha mtu kazi bure. Mpe wiki mbili za majaribio, kisha mkae, muandikiane karatasi: saa ngapi, siku zipi, shilingi ngapi. Kama kuna kijana mwingine bandani, muulize analipwaje. Na pesa aipokee mdogo wako mkononi mwake, siyo wewe wala mama.

Pembeni ya hapo, kitambulisho cha taifa (NIDA) anacho? Kama hana fuatilia. Ikishindikana Chamazi, kuna chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu kule Yombo, fika ukaulize wanampokeaje mwenye hali yake. Afisa ustawi wa jamii wa kata naye akueleze ile mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato yake ya ndani hutengwa kwa wenye ulemavu.

Dada_wa_RangiTatu
Wakuu, mrejesho, wiki tatu sasa.

Mama nilimwomba radhi. Sikumwambia twende, nilimwambia akalikague banda mwenyewe. Akaenda kwa hasira, akakaa juu ya ndoo siku nzima anamkodolea macho jirani. Mdogo wangu alijaza trei saba, akavunja mayai mawili, akayaficha kwenye pumba. Mama ndiye aliyemwambia akaseme. Akaenda akasema.

Malipo tumekubaliana elfu tano kwa siku, siku nne kwa wiki, karatasi ipo. Kifaru wa kwanza kalala naye chini ya mto, mama kaomba amtunzie kakataa. Kamba za viatu bado anafungiwa, kitanzi anavuta mwenyewe.

Mwalimu, swali. Sasa hivi nakaa siti ya nyuma, na jana kageuka akaniuliza kwa nini namfuata. Nishuke lini?