Naomba ushauri: ThinkPad X230 kama kompyuta ya mezani

Wakuu, habari za leo. Nina ThinkPad X230, ile laptop ndogo ya inchi 12.5, RAM GB 8, nayo ndiyo ninayofanyia kazi za uhasibu nyumbani. Nimeiunganisha na monita ya inchi 24 kwa waya wa VGA (ule wa zamani wa picha, wa analogi), pamoja na kibodi na mausi za USB. Shida ni maandishi kuwa na ukungu: kwenye jedwali 8 na 6 zinafanana kabisa, na ikifika jioni macho yanauma. Nimebadilisha waya, nimeweka ukubwa wa picha (resolution) 1920x1080, bado.

Je, nikihamia tundu la Mini DisplayPort kwenda HDMI (njia ya picha ya kidijitali), ukungu utaisha? Na betri, niichomoe kwa kuwa chaja haitoki kutwa nzima? Nasita, maana umeme ukikatika ndiyo inayookoa kazi yangu. Natanguliza shukrani.