Mrejesho: ile rivolva ya kaka yangu

Assalaam alaykum. Nilikuulizeni kwa niaba ya kaka yangu aliyeko Marekani (sisi huku Unguja bastola tunaiona kiunoni mwa askari tu) kama Smith & Wesson Model 36 iliyotumika, ile ndogo ya risasi 5 za aina ya .38 Special, inafaa kwa dola 550. Ahsanteni sana.

Alihakikisha ni tupu, akavuta nyundo (kile kipande cha nyuma kinachopiga risasi) polepole: silinda, ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi, ikajifunga sawasawa katika matundu yote, haichezichezi. Nyufa mwanzoni mwa mtutu hakuna. Ila kitako cha mbao kimebadilishwa, na rangi imebabuka karibu na mdomo wa mtutu. Hapo ndipo alipobania bei. Muuzaji akanung'unika, mwisho akakubali 430. Mama bado hajaambiwa.