Vihamba vya Uchagani: tuendelee kugawana au arithi mmoja?

Wakuu, kila ardhi ya Kilimanjaro inapozungumzwa, jibu ni lilelile: nchi ni kubwa, waliobanana mlimani wahamie Lindi au Katavi. Mimi ni wa Kibosho, na jibu hilo siliafiki. Kinachotumaliza ni namna tunavyorithishana vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba.

Sensa ya 2022 iliikuta Kilimanjaro na watu 1,861,934, kama 140 kwa kilomita ya mraba. Lindi hawafiki 20. Ila wastani huo unaficha mengi, maana umejumlisha hifadhi ya mlima na nyika kavu za Same na Mwanga. Watu wamejazana kwenye mkanda mmoja: juu kuna hifadhi, chini mvua si ya kutegemea. Na kuhama, wanahama. Kati ya 2012 na 2022 mkoa wetu ulikua kwa asilimia 1.3 kwa mwaka, nchi nzima 3.2. Katavi ilitoka watu 564,604 ikafika 1,152,958 bila watu kuhamishwa kwa nguvu kama wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Halafu ardhi tele peke yake haimnyanyui mtu: Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliikuta Rukwa ikiongoza kwa umaskini, na Kilimanjaro ikiwa miongoni mwa mikoa yenye umaskini mdogo.

Kilichotubeba ni kihamba chenyewe. Juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, samadi ya ng'ombe wa zizini. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu, kwa kihamba cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini unahitaji nafasi. Ukikikata kihamba vipande, ng'ombe hana majani, bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi mgomba unatoa mkungu wa kubeba kwa mkono mmoja.

Babu yangu alikuwa na ekari tatu. Baba na baba zangu wadogo wawili wakapata moja moja. Sisi tuko sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Tukigawana sawa, kila mmoja anaondoka na mraba wa mita 26 kwa 26. Mwaka jana nilikuta masale mapya, mimea yetu ya kuwekea mipaka, yamepandwa katikati ya migomba ya mama: mdogo wangu ameshaweka mpaka wake. Mama bado ananunua mabua ya mahindi ya kutoka tambarare, yanapandishwa kwa pikapu, ili ng'ombe mmoja ale.

Tena hapo tunapogawana hatulimi, tunajenga. Pitia vijijini kwetu mwezi wa Machi uhesabu nyumba za vigae zilizofungwa makufuli, zikingoja wenyewe waje Desemba. Kila moja imesimama palipokuwa na kahawa. Hili linaniuma kuliko suala la idadi ya watu.

Pendekezo langu: kihamba kisigawanywe tena. Abaki mtunzaji mmoja, awe wa kiume au wa kike, yule aliye tayari kulima. Wengine wapewe fidia kidogo kidogo, wawe na haki ya kuja na ya kuzikwa hapo, na wakitaka kujenga wajenge mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inairuhusu familia kuomba hakimiliki ya kimila kwa pamoja, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kwa hiyo dada zangu wasiambiwe tena kwamba wao wataolewa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kaka yangu mkubwa ananiambia, "Mtu asiye na kihamba si mtu wa hapa." Kwake kipande hicho, hata kiwe uwanja wa nyumba tu, ndicho kinga akifukuzwa kazi mjini. Siwezi kumwambia anakosea, kwa sababu hana pensheni. Ila kinga ya mita 26 haitamlisha.

Kikao chetu cha ukoo ni Desemba hii. Mliokwisha kumwachia mmoja, iwe Rombo, Machame, Upareni au Lushoto: fidia mliipigaje hesabu, na mtunzaji alipotaka kuuza mlimzuia vipi?