Tupeane uzoefu: mto wetu mmoja, kutoka Kibera hadi Sabaki

MzaliwaMakina (mwanzilishi)
Wanajamvi, hamjambo. Naomba waliokulia kando ya mto huu waeleze walichokiona kwa macho yao, maana kila mmoja anaujua kwa jina la kwao. Sisi Kibera tunauita Motoine. Ukitoka Bwawa la Nairobi unaitwa Ngong, unapita Mukuru, unaungana na Mto Nairobi, kisha yote inaishia Athi. Ukishapokea Mto Tsavo unakuwa Galana, na kaskazini ya Malindi unaingia baharini ukiitwa Sabaki. Maji ni yale yale.

Naanza mimi. Bwawa letu lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji. Nilipokuwa mdogo wikendi kulikuwa na mashua za tanga, na sisi watoto tulikaa ukingoni kuzitazama. Lakini mtaa uliokuwa juu yake haukuwekewa mabomba ya majitaka, na hadi leo sehemu kubwa haina. Kila kilichomwagwa mferejini kilishuka mtoni, na kwa kuwa maji ya bwawa yametulia, kilitua pale: udongo, kinyesi, plastiki. Uchafu huo ndio uliolisha gugu maji. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa vigumu kuyaona maji. Yalikuwa majani na maua ya zambarau tu. Siku hizi watu wanalima nduma na sukuma wiki palipokuwa na kina. Wakulima hao siwalaumu. Nawalaumu waliojua kwamba watu maelfu kwa maelfu hawana vyoo vya maana, wakajenga bwawa, wakaridhika.

Mlio huko chini, mlianza kuona mabadiliko lini?

Mama_Mukuru
Kwetu rangi ya mto hutegemea kiwanda gani kimefungulia. Nimeshaona mwekundu asubuhi na wa buluu jioni ya siku hiyo hiyo. Hufungulia usiku au mvua inaponyesha, maana hapo hakuna wa kuwauliza. Mafuriko ya 2024 yaliingiza maji hayo hadi kitandani, na ukutani yaliacha mstari mweusi wa grisi ambao sabuni haikuutoa. Baadaye tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizo karibu na mto. Tulihamishwa sisi, mabomba ya viwanda yako pale pale.

Kipande_Rd
Pole sana mama. Mimi nakumbuka Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, kuanzia 2008. Kipande cha mto karibu na mzunguko wa Globe, katikati ya jiji la Nairobi, kilisafishwa, miti ikapandwa, watu wakaanza kupumzika pale mchana. Kwa hiyo inawezekana.

Mama_Mukuru
Inawezekana mjini kati. Huku hawakufika.

Mkulima wa Kibwezi
Nimesoma nikanyamaza kwanza, maana maji hayo ndiyo ninayomwagilia bamia na karela. Baba alipoanza kulima hapa walikuwa wanakunywa mtoni moja kwa moja. Mimi nilikuta watu wanafukua shimo kwenye mchanga, hatua chache kutoka ukingoni, wanasubiri maji yachujike ndipo wateke kwa kibuyu. Sasa hata ya shimoni yana harufu mvua za kwanza zikinyesha. Povu hushuka jeupe, limesimama, na chujio la pampu yangu hujaa nyuzi za magunia na vifuniko vya chupa ambavyo hakuna duka la hapa linaloviuza.

Halafu kuna bwawa la Thwake. Ujenzi ulianza 2018, ukuta wa mita 80 hivi, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, na tunaambiwa litatupa maji ya kunywa, umeme na ya kumwagilia. Nalitaka bwawa hilo, sisi ni watu wa ukame. Lakini MzaliwaMakina ameshaeleza maji machafu yakisimamishwa yanafanya nini. Nairobi ikiendelea hivi, Thwake itapokea kila kitu.

Mwana wa Sabaki
Huku mwisho tunajua mvua imenyesha bara kabla redio haijasema. Bahari yote ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Si jambo la jana: wanasayansi walichunguza tumbawe moja la hapa Malindi lenye umri wa miaka 300, wakapima bariamu, aina ya madini, iliyoingia ndani yake pamoja na udongo wa mto. Kwa muda mrefu ilikuwa kidogo, kisha tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ikapanda sana, wakati ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa mtindo wa kikoloni. Babu yangu, mvuvi, alisema ufuo ulikuwa karibu na nyumba. Leo unatembea mchangani hadi uchoke. Mchanga huo ni wa Ukambani.

Na watu wa Mombasa wasidhani hayawahusu. Maji ya Baricho wanayokunywa yanatoka kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki.

MzaliwaMakina
Hilo la Baricho sikulijua. Mkulima, samaki je?

Mkulima wa Kibwezi
Kambale wapo, yule anavumilia. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka tuliyemvua kwa ndoano za usiku, nimeacha kumwona. Mamba bado wapo, chunga watoto.

Mwana wa Sabaki
Mkunga hupanda kutoka baharini, anapita hapa kwetu kwanza. Nitawauliza wavuvi wa hapa mto unapoingia baharini kama wanamwona bado, nirudi na jibu.