Baiskeli ya umeme: breki za diski zinalia

Swali: Mafundi wa Malindi, shikamooni. Breki ya mbele inalia kwii nikishika, ya nyuma inakwaruza hata isiposhikwa. Ni za haidroli (zinasukumwa na mafuta ndani ya mrija), diski kipenyo milimita 160.

Jibu: Marahaba. Hizo ni shida mbili. Mbele, pedi zimenyonya mafuta, aghalabu yale ya kupuliziwa mnyororo. Futa diski kwa spiriti na kitambaa kisafi, usiiguse kwa vidole. Sugua pedi kwa msasa hadi ule mng'ao utoke. Mafuta yakishazama ndani, tupa, nunua mpya. Kisha zizoeshe: kilomita 20 kwa saa, punguza mwendo bila kufunga gurudumu, mara 20 hivi. Wengi huiruka hatua hii, na kelele hurudi.

Jibu: Nyuma, kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imekaa upande. Zima betri kwanza! Legeza bolti zake mbili, shika breki kwa nguvu, kaza kwa zamu, kidogo kidogo. Ikiendelea kugusa mahali pamoja tu, diski imepinda. Angalia na unene: diski nyingi huandikwa unene wa mwisho, yaani chini ya hapo haifai tena, kwa kawaida milimita 1.5.

Jibu: Ukitoka ufuo wa Silversands, suuza mchanga na chumvi kwa maji baridi ya mfereji.