Maji ya mvua yanaingizwa kwenye chemba za majitaka, kinyesi kinatutokea sisi wa bondeni. Mamlaka ya maji hadi lini?

Wakuu,

Naandika nikiwa nimetoka kudeki kinyesi ambacho si cha familia yangu. Masika ikipiga kwa nguvu hata saa moja tu, kishimo cha bafuni kinaanza kugugumia, kisha maji meusi yanapanda, yanavuka kizingiti na kuingia chumba cha watoto. Hatujamwaga maji chooni, hatujafungua hata bomba. Mzigo wote unatoka barabarani unarudi ndani. Nyumba ya pili kuna bibi mwenye kidonda cha kisukari mguuni, yeye anakaa kitandani miguu juu mpaka yashuke.

Ukipiga simu mamlaka ya maji unaambiwa miundombinu ni chakavu, mtandao umezidiwa, gari linakuja. Gari likifika mvua imeshakatika. Vijana wanafunua chemba ya barabarani, wanachokonoa, wanasema mbona njia iko wazi, wanaondoka. Na ni kweli iko wazi! Bomba lililoziba halingoji mvua, lingetapika hata Februari jua likiwaka. Bomba linalotapika siku za mvua peke yake linapokea maji ya mvua. Hilo fundi yeyote wa majitaka analijua, na wakubwa wake wanalijua.

Yanaingiaje? Pandeni huku juu mtaani kwetu mjionee. Kuna majumba ya ghorofa ambayo gata zote za paa zimeshushwa kwa bomba la inchi 4 moja kwa moja kwenye chemba ya choo. Kuna waliomwaga zege uwanja mzima, hawakuacha hata kipande cha udongo, wakauinamisha uwanja uelekee kwenye chemba yenye kifuniko cha nondo. Kuna ambao mvua ikizidi wanamtuma kijana wa kazi afunue chemba ili ua ukauke. Wao wanalala pakavu, sisi tunatoa magodoro nje.

Pigeni hesabu. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, hizo ni lita 5,000. Familia ya watu watano wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku inatoa lita 500. Kwa hiyo paa moja, kwa mvua moja, linasukuma kwenye bomba majitaka ya familia hiyo ya siku kumi. Sasa zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima. Bomba la majitaka lilipimwa kwa ajili ya vyoo, jiko na bafu, halikupimwa kwa ajili ya masika ya Dar. Likijaa, maji yanatafuta tundu la chini kuliko yote, na tundu hilo ni bafu langu.

Halafu kuna maji yanayoingia bila mtu kuyaelekeza. Mabomba yanayotoka kwenye nyumba kwenda kwenye bomba kuu mengi ni ya zamani, viungo vimeachia, mizizi ya miti imepenya. Masika maji ya ardhini yanapanda, yanaingia kwenye nyufa. Kiangazi mambo yanageuka: majitaka yanatoka kwenye nyufa hizo hizo kwenda ardhini, na mji huu watu wangapi wanachota maji ya kisima? Tulioona kipindupindu cha 2015 kikianzia hapa hapa Dar tusingetakiwa kukumbushana.

Lakini ukigusia bomba hilo, mamlaka wana jibu moja: “Ndani ya kiwanja ni mali ya mwenye nyumba, sisi tunaishia nje.” Sawa, ni mali yake. Mita ya maji nayo ipo kiwanjani kwake na mnaingia kuisoma. Deni likizidi mnaingia kukata. Mbona geti linakuwa ukuta pale tu inapohusu majitaka? Mimi bili yangu ina mstari wa majitaka, unakokotolewa kutokana na maji niliyotumia. Mwenye ghorofa anayeingiza tangi zima la mvua kwenye mtandao halipi hata shilingi kwa maji hayo, kwa sababu mvua haipiti kwenye mita. Mimi ndiye ninayelipia, kwa bili na kwa dawa za watoto.

Na msidhani haya yanaishia bafuni kwangu. Mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti, yanafanya kazi kwa jua, mwani na muda. Maji yakae siku nyingi, vimelea vife. Ukisukuma mafuriko ya mvua mle ndani, majitaka yanapita mbio na kutoka kabla hayajaiva. Maeneo ya katikati ya jiji yana bomba linalokwenda baharini, na bahari hiyo ndiyo tunayovua samaki. Pampu nazo zinasukuma maji ya mvua usiku kucha kwa umeme tunaoulipia sisi.

Najua watakuja watu hapa kusema wakazi wengi wa Dar hata hawajaunganishwa, wanatumia vyoo vya shimo na makaro, kwa hiyo tulio kwenye mtandao tushukuru. Hapana. Kama mtandao mdogo huu hauwezi kulindwa, wakiunganishwa hao wengine itakuwaje? Kila nyumba mpya inayounganishwa bila kukaguliwa ni gata jingine ndani ya chemba.

Dawa ipo, na wenzetu wameitumia. Mashariki ya ghuba ya San Francisco, kule Oakland, Berkeley na miji jirani, mvua zilikuwa zinajaza mabomba ya majitaka mpaka majitaka yanamwagwa ghubani. Serikali kuu ya Marekani ikawashtaki, na mwaka 2014 wakabanwa na makubaliano ya mahakama ya miaka mingi. Shirika lao la maji, EBMUD, halikusema bomba la ndani haliwahusu. Lina utaratibu: ukiuza nyumba, ukijenga au kukarabati kwa zaidi ya dola 100,000, au ukibadilisha ukubwa wa mita ya maji, bomba lako la majitaka lazima lipimwe mbele ya mkaguzi ionekane halivuji. Likipita unapewa cheti. Bomba likiwa limebadilishwa lote, cheti ni cha miaka 20. Likiwa limetengenezwa sehemu tu, au limepita bila kuguswa, ni miaka 7. Mauziano yakiwa hayawezi kusubiri, mnaweka dhamana ya dola 4,500 mnapewa siku 180 za kumaliza kazi. Ni mali binafsi kule pia, lakini anayepokea uchafu ana haki ya kujua bomba linaloleta uchafu lina hali gani.

Portland, Oregon, ambako sehemu kubwa ya mtandao wa zamani inabeba mvua na majitaka pamoja, walikwenda nyumba kwa nyumba kuanzia 1993 hadi 2011 wakiondoa maji ya paa kwenye mabomba. Nyumba zaidi ya 26,000. Mwenye nyumba aliyefanya mwenyewe alilipwa, asiyeweza alifanyiwa.

Hilo la kufanyiwa nataka lisisitizwe, maana naogopa hapa kwetu kitu kama hiki kitageuzwa mradi wa faini. Mtaani kwetu kuna mjane anaishi kwenye nyumba aliyoachiwa, bomba lake limepasuka, anajua, na hana pesa ya kuchimba. Ukimpiga faini bomba litaendelea kuvuja na yeye atauza kiwanja. Mtu kama huyo atengenezewe, gharama igawanywe kidogo kidogo kwenye bili, na wasio na uwezo kabisa wasaidiwe. Mwenye ghorofa la wapangaji aliyeshusha gata kwenye chemba kwa makusudi, huyo apewe muda mfupi, akikaidi akatiwe maji.

Wala haihitaji wataalamu kutoka nje kuwagundua. Nchi nyingine wanapuliza moshi usio na madhara kwenye chemba ya barabarani. Moshi unapanda kwenye mabomba, na nyumba iliyounganisha gata inafuka kwenye gata zenyewe mchana kweupe mtaa mzima ukiona. Bomba lililopasuka linafuka ardhini. Unawatangazia watu siku mbili kabla, unawaambia wamwage maji kwenye vishimo vya bafuni ili moshi usiingie ndani, unaongozana na mwenyekiti wa mtaa, unapiga picha. Mtaa wetu ni kazi ya siku moja.

Na kuna kisingizio kingine sitaki kukisikia tena: wa maji wanasema mitaro ya mvua ni ya watu wa barabara, wa barabara wanasema chemba ni za watu wa maji. Kweli watu wanaelekeza mvua kwenye chemba kwa sababu mtaro umejaa mchanga au haupo kabisa. Basi kaeni meza moja! Ukimwambia mtu atoe gata kwenye chemba lazima umwonyeshe pa kuyapeleka maji hayo: mtaro, shimo la kuyanyonya maji yaingie ardhini, au tangi la kuvunia mvua, ambalo kwa mgao tunaoupata lingemfaa hata yeye.

Msiniambie nihame. Nyumba ni ya marehemu baba, iliunganishwa kihalali, risiti za bili zipo.

Kama humu ndani kuna anayefanya kazi upande wa majitaka, aje na majibu ya haya: nyumba ngapi za mtandao huu zimewahi kukaguliwa ndani ya geti tangu ziunganishwe? Kipimo cha moshi kinashindikana kwa sababu gani? Na kabla ya vuli, nani atakuja kutufungia sisi wa bondeni vali za kuzuia maji kurudi ndani, kwa gharama ya nani? Nitaupeleka uzi huu kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani ukiwa na majibu yenu, na majirani tumeshaanza kukusanya sahihi. Mwenye picha za gata zilizoingizwa kwenye chemba mtaani kwake aziweke hapa, ila afiche namba za nyumba na sura za watu.